Mtoto Asiye Kwenye Rejista

Siku ya dawa ya minyoo ikifika, swali gumu kwetu walimu si kipimo. Kipimo kinajulikana: albendazole miligramu 400, kidonge kimoja, mtoto anatafuna, basi. Swali ni yule aliyesimama nje ya uzio. Ana kama miaka 9, amebeba mdogo wake mgongoni, amesikia kuna dawa akaja. Jina lake halimo kwenye rejista. Tumpe ama tumrudishe?

Wapo wanaosema arudishwe, na hawasemi kwa roho mbaya. Wanasema ukimpa leo, kesho mzazi atauliza shule ni ya nini, si anapata kila kitu bila kukaa darasani? Hoja hiyo kwenye uji naielewa. Uji wa shule ni chakula na ni mwito pia, unamtoa mtoto nyumbani asubuhi, na akishafika tunamfundisha. Lakini dawa tunaigawa mara moja au mbili kwa mwaka. Ni mzazi gani atabadilisha maisha ya nyumba yake kwa sababu ya kidonge cha mara moja? Tena aliyeamua huyu mtoto abaki kulea si yeye. Mama amekwenda kwenye mgao, au kuni, na mtoto mdogo haachwi peke yake. Tukimnyima dawa tunamwadhibu aliyekwisha kunyimwa shule.

Kuna mfano wa Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia 1998, shule 75 za msingi zilipewa dawa kwa zamu, kundi baada ya kundi, watafiti wakilinganisha. Katika shule zilizotangulia utoro ulipungua kama kwa robo. Mimi nilishangazwa zaidi na jambo jingine: hata watoto wa shule zile ambao hawakumeza kidonge walipungukiwa na minyoo. Wataalamu walikuja kubishana sana juu ya hesabu za utafiti ule, hasa kuhusu shule za mbali. Njia yenyewe lakini haina ubishi. Mayai ya minyoo hutoka na choo, hukaa kwenye udongo, na udongo huo wanauchezea wote, mwenye sare na asiye na sare. Ndiyo maana dawa bila vyoo na sabuni ni kazi ya kurudia kila mwaka.

Kwa hiyo mbele ya mkuu wa shule nitasema: tumpe, la sivyo ataambukiza wanafunzi wetu. Hoja hii inashinda kikaoni, ila hainiridhishi. Inamfanya mtoto kuwa hatari tunayoizuia. Je, angekuwa anaishi peke yake kule mlimani, hamwambukizi mtu, tusingekuwa na deni kwake?

Mimi naona deni lipo, na ni la mtoto, si la mwanafunzi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaweka afya kwenye kifungu cha 24 na elimu kwenye kifungu cha 28. Ni haki mbili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ya kwanza inapitia kwenye geti la ya pili. Shule tumeichagua kuwa kituo cha dawa kwa sababu watoto wengi wako pale na walimu tupo. Ni urahisi wetu sisi wagawaji. Sasa urahisi wetu ugeuke kuwa sharti kwake?

Najua wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa watauliza habari ya ripoti, maana fomu inataka idadi ya wanafunzi. Na walimu wenzangu wa motisha, wenye darasa limejaa hadi mlangoni, watauliza nani atafanya kazi hiyo ya ziada. Ni maswali ya haki. Kenya katika mpango wao wa shuleni watoto wasioandikishwa nao hukaribishwa siku ya dawa, kwa hiyo fomu inaweza kubadilika.

Hapa kwetu ingetosha daftari la pili pale getini: jina, umri, zoni, na kama amepewa, ili mhudumu wa afya akipita nyumbani asimpe tena. Na yule wa mgongoni asisahauliwe. Akiwa ametimiza mwaka 1 na hajafika miaka 2, chake ni nusu kidonge, kisagwe kwanza kichanganywe na maji, asije akapaliwa.