Mbegu Zilizo Kibuyuni



Katika nchi za Ulaya, miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba ni wakati wa majani kukauka na kuanguka. Bustani hupumzika, nao watu hujiweka tayari kwa baridi. Kwetu sivyo, maana sisi tunakaa karibu na mstari wa ikweta. Miezi hiyohiyo mvua hunyesha juu ya vilima vya Butembo, ukungu hufunika mikaratusi asubuhi, na mama zetu hushika jembe wapande maharage. Basi tuitazame bustani yetu, kwa maana Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alipenda kufundisha kwa mfano wa mpanzi na mbegu.

Jioni, kabla ya siku ya kupanda, mama huteremsha kibuyu kutoka darini. Ndani yake mna maharage aliyoyachanganya na majivu, yasiliwe na wadudu. Huyamwaga katika ungo na kuyachagua moja moja: yaliyotobolewa huyatenga, yaliyo mema huyaweka. Watoto wameketi karibu na moto, nao wana njaa. Mbona hayapiki yote? Kwa sababu anajua kwamba alaye mbegu leo atalia kesho. Tena, mbona hayaachi yote kibuyuni? Kwa sababu mbegu isiyotoka kibuyuni haizai kitu. Ni lazima iingie udongoni, ganda lake lipasuke, nayo ipotee machoni pa watu. Baada ya siku chache chipukizi huinua kichwa. Baada ya miezi mitatu hivi mavuno yako karibu. Mama alipanda na kupalilia, na usiku alilala. Aliyeotesha ni Mungu.

Ndivyo ilivyo imani. Mafundisho ya katekista mkiyashika kwa kichwa tu, ni maharage ya kibuyuni. Sharti yaingie katika maisha yenu.

Sasa sikilizeni jambo lililo zito. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wengi wameuawa katika eneo la Beni, wengine katika mashamba yao wenyewe. Wengi wamekimbia, wakiacha kahawa na kakao mitini, mihogo ardhini, na makaburi ya wazee wao. Fikirini basi kwamba mama yule, ungo ungali magotini pake, anasikia hodi mlangoni. Ni mama mkimbizi na watoto wake wawili. Afanyeje?

Mtu atasema: "Chakula chetu wenyewe hakitoshi." Neno hilo si la uongo. Hata hivyo, mama Mkristu hupakua kwanza kilichomo chunguni, kwa maana njaa ya leo haingoji mavuno. Asubuhi humpa mgeni konzi za mbegu, tena zile njema, si zile zilizotobolewa. Humwonyesha mistari michache kando ya bustani na kumwambia: "Ndugu yangu, panda hapa." Chakula kimewalisha wageni usiku mmoja, mbegu imemrudishia yule mama heshima ya kuwalisha watoto wake kwa mikono yake.

Je, atapata hasara? Pengine atavuna kapu moja pungufu. Mungu hakuahidi kwamba kila konzi itarudi gunia. Lakini Bwana wetu alifundisha kwamba tunalomtendea aliye mdogo, tumemtendea yeye.

Nawe mkatekumeni uliyeacha shamba lako, usione haya kupokea. Kupokea kwa shukrani ni unyenyekevu, wala si aibu. Ila ulinde moyo wako: usipande humo mbegu ya kisasi, maana nayo huota, na matunda yake huliwa na watoto.

Siku ya ubatizo padri atawauliza kama mnasadiki. Mgeni aliye mlangoni amekwisha kuwauliza.

Jiulizeni juma hili:
1. Ni fundisho gani ninalolijua, wala silitendi?
2. Nani karibu nami hana mahali pa kupanda?
3. Je, nampa ndugu mbegu njema, au zile nilizozitupa?

Tusali: Ee Mungu Baba, unayeotesha tulichopanda, uwarudishie amani waliokimbia, ufungue mikono yetu, na ukuze ndani yetu imani mpaka siku ya mavuno. Amina.