Je, Utulivu wa Kijiji Waweza Kununuliwa?

Mtu anunuapo nyumba mahali ambapo hakuzaliwa, hununua nini hasa? Hununua kuta na paa tu, au hununua pia sehemu ya maisha ya watu aliowakuta? Swali hili lazidi kuzikabili nchi zetu kadiri mashamba ya kandokando ya miji yanavyogeuka viwanja. Hata hivyo, katika makala haya tumeona yafaa kulitazama katika vijiji vya Uholanzi, nchi ndogo yenye watu wengi, ambako wakazi wengi wa mijini hutamani kuhamia mashambani. Huko bei, sheria na mila zimekwisha kugongana waziwazi juu ya jambo hili, na penye mgongano fikra hupata pa kushika.

Kwanza tuangalie ununuzi wenyewe. Mapatano ya mtu wa kawaida kununua nyumba ya kuishi sharti yaandikwe. Mnunuzi hupewa siku 3 za kufikiri baada ya kupokea mkataba uliotiwa sahihi, na katika siku hizo aweza kujitoa bila kueleza sababu. Kisha ofisa wa kuthibitisha mikataba, aitwaye kwa Kiholanzi notaris, huandaa hati ya makabidhiano, nayo huandikishwa katika daftari la ardhi la taifa, Kadaster, lililoanzishwa mwaka 1832. Hati hutaja kiwanja, jengo na haki za njia kama zipo. Utulivu hautajwi popote. Ilhali utulivu ndio uliomleta mnunuzi, na mara nyingi ndio uliopandisha bei. Basi amelipia kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho peke yake.

Maana utulivu wa kijiji hauoti wenyewe kama nyasi. Yapata robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Malisho yale ya kijani, yaonekanayo kana kwamba hayakuguswa na mtu, hubaki makavu kwa sababu ya mifereji, mitambo ya kuvuta maji, na bodi 21 za maji ambazo wakazi huzilipia kodi. Mfugaji huamka kabla ya alfajiri kukamua. Moto ukizuka kijijini, wengi wa wanaokuja kuuzima ni watu wa kujitolea walioacha shughuli zao. Amani ya jioni ni jasho la mchana la watu hao.

Tena kimya ni cha aina mbili: kiko kimya cha watu waliokwisha kazi wakapumzika, na kiko kimya cha mahame. Shule ya msingi ya Uholanzi isiyofikia idadi ya wanafunzi iliyowekwa, ambayo hutofautiana mahali na mahali na haishuki chini ya 23, huwa katika hatari ya kufungwa. Ikifungwa, familia changa husita kuhamia, na baada ya muda duka nalo hukosa wateja. Katika vijiji vya pwani ya Zeeland ziko nyumba nyingi za watu wa kwingine ambao huja wakati wa kiangazi tu, na majira ya baridi madirisha yake hukaa gizani. Mgeni apitaye husema, "Hapa pametulia." Mwenyeji husema, "Hapa pamekufa." Wote wawili wanaitazama njia ile ile.

Wako wasemao kwamba aliyelipa amemaliza. Hoja yao si ya kudharauliwa. Hugo Grotius, mwanasheria aliyezaliwa Delft mwaka 1583, aliazima kwa Cicero mfano wa ukumbi wa michezo: ukumbi ni wa wote, lakini kiti alichokikalia mtu ni chake kwa haki. Aidha, muuzaji aweza kuwa mzee ambaye nyumba ndiyo akiba yake yote. Tukimwambia auze kwa bei ya chini ili kijana wa kijiji apate, tunamtoza yeye peke yake sadaka iliyowapasa wote. Hayo ni kweli. Lakini mfano huo una upande wa pili. Mwenye kiti hakuununua mchezo, wala hana ruhusa ya kupiga kelele wenzake wasisikie. Tena mfano wahalalisha kiti kilichokaliwa. Hautetei kiti kilichofungwa kwa kamba na mtu aliyeketi kwingine.

Wako pia wasemao kwamba kijiji ni cha waliozaliwa humo. Sheria za Uholanzi zimewasogelea kidogo. Tangu tarehe 1 Januari 2022 halmashauri zaweza, katika mitaa yenye upungufu wa nyumba, kumzuia mnunuzi wa nyumba ya bei nafuu asiipangishe kwa muda wa miaka 4 bila kibali. Tangu tarehe 1 Januari 2024 zaweza kuwatanguliza watu wenye uhusiano na mahali kwa hadi nusu ya vibali vya makazi, hata katika nyumba za kuuzwa ambazo bei yake haivuki kiwango kilichowekwa. Katika nchi jirani ya Ubelgiji, jimbo la Flanders, ambalo watu wake nao husema Kiholanzi, lilikwenda mbali zaidi: amri ya mwaka 2009 ilimtaka mnunuzi katika baadhi ya maeneo athibitishe uhusiano wa kutosha na mahali. Tarehe 8 Mei 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliona kwamba sharti hilo limevuka mpaka wa lazima, kwa kuwa laweza kumfaidi hata mwenyeji mwenye uwezo, si mnyonge peke yake. Twaona hapo mahakama iligusa kiini cha maadili. Shida ndiyo idaiyo msaada. Kuzaliwa mahali peke yake si shida. Mtoto wa tajiri wa kijiji hana dai kubwa kuliko muuguzi aliyehamia juzi kuwahudumia wazee wa kijiji hicho.

Ikiwa bei haitoshi, na kuzaliwa hakutoshi, tutafute kwingine. Mashariki ya nchi hiyo, katika Twente, Achterhoek na Drenthe, iko mila iitwayo noaberschap, yaani ujirani. Zamani jirani wa karibu alikuwa na wajibu uliojulikana: kupeleka habari za uzazi na za msiba, kupamba mlango kwa majani siku ya harusi, kukamua ng'ombe wa mgonjwa, kubeba jeneza. Mhamiaji aliwaalika majirani wale na kunywa nyumbani kwake, na kuanzia siku hiyo alidai na kudaiwa. Siku hizi makampuni ya mazishi na bima yamechukua sehemu kubwa ya kazi hizo, lakini mlango uliopambwa bado huonekana, na ziko sehemu ambako majirani bado hubeba jeneza. Tuzingatie jambo moja: mila hiyo haikumwuliza mhamiaji amezaliwa wapi wala amelipa kiasi gani. Ilimwuliza kama atakuja usiku akiitwa. Waholanzi husema jirani mwema ni bora kuliko rafiki wa mbali. Nasi twasema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sisi walimu wa lugha tuna ushahidi wetu. Kiswahili hutofautisha mwenye nyumba na mwenyeji. La kwanza ni neno la hati. La pili limetokana na mwenye na mji, nalo humtaja mtu ambaye mahali ni pake na ambaye kwa hiyo hupokea wengine. Mtu huwa mwenye nyumba siku moja, mbele ya ofisa. Huwa mwenyeji kwa miaka. Hali kadhalika neno jirani: Kiarabu ambako lilitoka, jiran ni wingi, na mmoja huitwa jar. Kiswahili kimeutwaa wingi kikaufanya umoja, kana kwamba lugha yenyewe ilikataa kuwazia jirani aliye peke yake.

Hata hivyo tusiupambe ujirani kupita kiasi. Mwanafalsafa Spinoza alihamia kijiji cha Voorburg, karibu na The Hague, mwaka 1663, akawa mpangaji katika nyumba ya mchoraji. Mwaka 1665 palizuka ugomvi juu ya nani awe mhubiri wa kanisa la hapo, na wapinzani wa mchoraji wakamtaja mpangaji wake kuwa mtu asiye na dini, wa kuhatarisha umma. Kijiji kijuacho kukamua ng'ombe wa mgonjwa hujua pia kuchungulia dirisha la mzima. Kwa hiyo deni la mhamiaji lazima liwe na mpaka. Anadaiwa kuwapo na kusaidia. Hadaiwi kuamini waaminivyo wenzake wala kuwaza wawazavyo.

Kwa maoni yetu, basi, mnunuzi anadaiwa mambo machache yasiyo na utata. Aikae nyumba aliyoinunua. Akiwa na watoto, aifikirie shule ya kijiji kabla ya shule ya mbali. Avumilie harufu ya samadi na kuwika kwa jogoo, kwani hivyo vilimtangulia. Ufaransa ililazimika kutunga sheria tarehe 29 Januari 2021 kuzitambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa taifa, baada ya watu kushtakiana mahakamani kwa ajili ya jogoo. Na akiitwa usiku, aitike. Wenyeji nao wanadaiwa jambo moja, nalo ni kumwita. Asiyeitwa kamwe hawezi kulaumiwa kwamba hakuja.

Walimu wenzetu waweza kulitoa jambo hili darasani liwe hoja ya mjadala: mzee mwenye nyumba moja ana wanunuzi wawili, mgeni mwenye fedha zaidi na kijana wa kijiji mwenye fedha pungufu, amwuzie nani? Tungependa wanafunzi wasiishie kumhukumu mzee. Wamwulize mgeni anakusudia kuishije pale, wamwulize kijana shida yake ni ipi, na wakiulize kijiji kitachangia nini ili mzee asipunjwe.