Kujua kwa Sikio, Je, ni Kujua?

Katika parokia nyingi za Goma utakuta kinanda cha umeme, na mara nyingi anayekipiga ni kijana ambaye hakufundishwa na mtu. Hasomi noti. Alisimama nyuma ya mpigaji aliyemtangulia, akatazama vidole, akasikiliza, siku moja yule mwenye kazi akachelewa, naye akaambiwa, "Haya, kaa wewe." Basi wako watu, na baadhi yao ni wasomi, wanaomdharau: huyu hajui muziki, wasema, ni kasuku tu. Wako na wengine wanaomsifu kupita kiasi, ati amepewa na Mungu moja kwa moja, kusoma kwa nini tena? Naona pande zote mbili zinamkosea. Wala si jambo dogo, maana linagusa swali la kale: kujua ni nini hasa?

Swali hili aliliuliza Mwafrika mmoja zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Mtakatifu Augustino, kabla hajawa padre wala askofu, alianza mwaka 387 huko Milano kuandika juu ya muziki, akaendelea na kazi hiyo baada ya kurudi kwao Afrika ya Kaskazini. Ni vitabu sita, mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi wake. Katika kitabu cha kwanza mwalimu anauliza habari za ndege mmoja wa Ulaya aimbaye vizuri mno majira ya baridi yakiisha. Je, ndege huyo anajua muziki? La, kwani hajui anachokifanya. Kisha mwalimu anambana mwanafunzi: na mpiga zumari aliyejifunza kwa kuiga tu, amemzidi nini ndege? Mwanafunzi anajaribu kumtetea mpiga zumari, lakini anashindwa. Maneno makali hayo! Wapigaji wetu wengi wangeondoka kanisani wakiyasikia.

Lakini hebu tumtazame mwanzaji akiwa kazini, tuone kama kweli anaiga tu. Ameusikia wimbo wa Jumapili, anataka kuutafuta kwenye kinanda. Kwanza anauimba kwa mdomo, kwani usichoweza kukiimba huwezi kukitafuta kwa vidole. Halafu anatafuta sauti ya nyumbani, ile ambayo wimbo hupumzika juu yake mwishoni. Hiyo ndiyo do yake. Anagusa kibao: siyo. Anagusa cha pili: siyo. Cha tatu: ndiyo! Kutoka hapo anapapasa sauti moja moja, kupanda na kushuka, mpaka wimbo wote umekaa katika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto una kazi nyingine. Unapiga sauti tatu pamoja: do-mi-sol, au fa-la-do, au sol-si-re. Kwa mafungu hayo matatu tu nyimbo nyingi za kanisa zinaweza kusindikizwa toka mwanzo hadi mwisho. Na pale wimbo unapokuwa na huzuni kidogo, anajaribu la-do-mi, naye hushangaa kuona imekubali.

Sasa, kasuku hasemi "siyo". Kasuku hurudia alichosikia, basi. Kijana huyu alijua kwamba amekosea kabla hajajua jina la kibao alichokigusa. Nani alimwambia? Si kitabu, wala si mwalimu, kwani yuko peke yake. Ndani yake mna kitu kinachohukumu. Na ajabu ni hii, Augustino mwenyewe analisema jambo hilo katika kitabu cha sita: anapambanua hesabu zilizo katika sauti yenyewe, zilizo katika sikio, zilizo katika kumbukumbu, na juu ya hizo anaziweka zile zinazohukumu, ambazo ni za roho. Kwa hiyo Augustino wa kitabu cha sita anampa kijana wetu silaha ya kumjibu Augustino wa kitabu cha kwanza.

Tusisahau pia kwamba kwa karne nyingi Kanisa lote liliimba kwa sikio. Mmonaki Guido wa Arezzo, aliyetupatia majina kama re, mi na fa katika karne ya 11, alitaka tu kuwapunguzia waimbaji miaka waliyopoteza kwa kukariri. Hata hapa Kongo, Misa ya Kiluba iliyotoka Kamina mwaka 1958 na baadaye kusikika duniani kote haikuandikwa kwanza; waimbaji waliitunga kwa kuimba pamoja chini ya Padre Mfransisko, Guido Haazen. (Guido mmoja alileta noti, Guido mwingine akaziacha kando. Ni bahati ya majina tu.)

Hata hivyo sitaki kumbembeleza mpigaji wa sikio. Ana vishawishi vyake. Kimoja ni kile kitufe cha kinanda cha umeme kinachohamisha sauti zote juu au chini: mtu ajua kupiga katika do peke yake, kwaya ikianza juu zaidi, yeye abonyeza kitufe na vidole vinabaki palepale miaka kumi. Kingine ni kibaya zaidi, nacho ni wivu. Wako wanaogeuza bega ili mdogo aliye nyuma asione vidole, wakiogopa kupokonywa kiti. Mtu aliyepata yote kwa kusikiliza wengine, ambao hawakumtoza kitu, atawezaje kufunga mlango nyuma yake? Hapo si suala la muziki tena, ni suala la haki.

Tena mji wetu una sababu zake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishusha moto mjini, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaungua, watu wapata 120,000 wakakosa makao. Mei 2021 mlima ukalipuka tena, na maelfu na maelfu wakaondoka kwa miguu kuelekea Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua hadi Bukavu. Katika safari za namna hiyo hakuna abebaye kinanda, na vitabu vya nyimbo huachwa. Kilicho katika sikio huenda na mtu. Lakini mtu naye hufa, au huenda asirudi, na kama hakumwonyesha mwingine, kwaya itaanza tena na mikono mitupu. Karatasi huungua, kumbukumbu huzikwa. Ndiyo maana naona kijana wa sikio afanye bidii asome noti pia, akipata wa kumfundisha, hata zile chache za kuanzia.

Wakati huo bado hajampata, yule mdogo yuko pale nyuma yake, na Jumamosi baada ya mazoezi, umeme ukiwa haujakatika, atauliza, "Kaka, kwa nini hapo umepiga fa?" Huenda kaka hajui kueleza. Basi asogee kidogo kwenye benchi, amwambie aimbe mwenyewe ule mstari, kisha atafute.