Kiti Chako Kisikae Wazi

Wanangu, na nyinyi wajukuu mliojiunga na klabu mwaka huu,

Msimu wa ligi unakaribia, na wengi wenu mtaketi mbele ya ubao kwa mara ya kwanza mkibeba jina la klabu. Jinsi farasi anavyoruka na jinsi mfalme anavyojihifadhi nyuma ya askari wake, hayo mna walimu wake, na katika simu zenu mna programu ambazo hata bingwa wa dunia hafui dafu kwazo. Mimi nina neno la namna nyingine. Miaka niliyokaa na wachezaji wa sataranji hapa Nairobi imenionyesha vijana wenye vipaji vikubwa wakififia, na vijana wa kawaida wakawa nguzo za timu zao. Waliodumu ni wale waliokuwa watu wa kutegemewa. Basi nasaha yangu ni hii moja, na mengine yote yanatoka humo: kiti chako kisikae wazi.

Mashindano ya Kenya Open huchezwa mara moja kwa mwaka, aghalabu wakati wa Pasaka. Unapambana siku chache kwa jina lako mwenyewe, ushinde au ushindwe, kisha unarudi kwenye shughuli zako. Ligi ina desturi yake. Raundi zimetawanyika katika miezi, na kila raundi ni timu dhidi ya timu. Walio daraja la juu watakutana na Nairobi Chess Club, na timu za benki za KCB na Equity, na Black Knights, na Mavens, na vijana wa vyuo vikuu wenye kiu ya kuwaangusha wakubwa. Walio chini yao wanapigania kupanda. Popote utakapokuwa, hesabu ni ileile. Ukishinda, umeipa timu pointi moja. Mkitoka sare, nusu. Usipofika, mpinzani wako anaichukua pointi yote bila kusogeza kete, na wenzako wanaanza mechi wakiwa nyuma. Wanaweza kucheza vizuri mchana kutwa, wakashindwa kwa pointi moja, na pointi hiyo ikawa ni yako wewe uliyebaki kitandani.

Kwa hiyo la kwanza ni kufika. Anayetoka Kangemi kwa matatu namba 23, au Kawangware kwa namba 46, anajua kwamba Jumapili asubuhi gari halitoki stendi mpaka lijae, na kwamba mvua ikinyesha nauli hupanda. Anayeletwa na mzazi kutoka Lavington au Karen naye anajua foleni haichagui. Hayo yote yanajulikana tangu jana yake, basi yasiwe udhuru. Ondoka mapema. Saa ya mchezo huanza kutembea raundi inapoanza, na kila dakika uliyoiacha Waiyaki Way imetoka katika dakika zako za kufikiri. Ukipitisha muda wa kuchelewa uliowekwa na kanuni, mwamuzi anaandika kwamba umeshindwa, na hakuna wa kumlaumu.

Na kama huwezi kuja, sema mapema. Nahodha aliyeambiwa siku ya Ijumaa atampigia simu mchezaji wa akiba na timu itakuwa kamili. Aliyeambiwa Jumapili asubuhi hana la kufanya. Wenye mtihani wa KCSE mwaka huu, nendeni kwa nahodha sasa hivi, kabla ya raundi ya kwanza, mkamwambie ni miezi ipi hamtapatikana. Hakuna aibu katika kutanguliza masomo. Aibu ni kuahidi usichoweza, kisha ukazima simu.

La pili ni kukubali ubao uliopangiwa. Kila msimu kuna kijana anayenuna kwa sababu amewekwa ubao wa nne badala ya wa pili. Mwanangu, ubao wa juu hukutana na mchezaji mkali wa upande wa pili, na wakali wakikutana mara nyingi hukabana koo hadi sare. Mechi nyingi huamuliwa huku chini, pale ambapo timu moja ina mchezaji aliyejiandaa na nyingine imeokota mtu wa kujaza nafasi. Nahodha hupanga majina akizingatia nani atacheza na kete nyeupe, nani ana subira ya kujilinda na nyeusi, na nani ametoka kazini usiku. Mwachie kazi hiyo. Na siku utakapowekwa akiba, njoo vilevile. Keti kimya, tazama michezo ya wenzako, waletee maji. Timu humjua mtu wake siku ambayo hachezi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

La tatu, jua kwamba pointi si zako peke yako. Kanuni za mashindano ya timu zinamruhusu nahodha kukwambia utoe sare au uikubali sare. Hazimruhusu kukwambia neno lolote kuhusu kete zilivyokaa. Basi itafika siku timu iko mbele, umebaki wewe tu unacheza, una ubora kidogo na roho inataka ushindi. Nahodha akikwambia uchukue sare, ichukue. Siku nyingine timu itakuwa nyuma, na mpinzani wako atakunyoshea mkono wa sare iliyo salama kabisa kwako. Siku hiyo utaikataa, utaketi tena, na utatafuta njia ya kushinda hata kama giza linaingia. Anayeyafanya yote mawili bila kunung'unika ndiye ninayemwita mchezaji wa klabu.

Hapa ndipo retingi, ile namba inayopima nguvu ya mchezaji, inapowaponza wengi. Mfumo wake ulitungwa na Arpad Elo, na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ikaanza kuutumia rasmi mwaka 1970 ili kulinganisha nguvu za wachezaji. Ni kipimo kizuri cha kazi hiyo, nao ukomo wake ni hapo. Kijana aliye chini ya miaka 18, retingi yake ikiwa chini ya 2300, hupigiwa hesabu kwa kigezo cha 40. Maana yake, ukimshinda mtu mliye sawa naye unapanda pointi 20, na akikushinda unashuka 20. Machi 2024 FIDE yenyewe ilipandisha kiwango cha chini kabisa hadi 1400, na wachezaji wengi duniani wakaamka na namba mpya bila kugusa kete. Kitu kinachopanda na kushuka kwa kasi hiyo hakifai kukunyima usingizi. Nimewaona vijana wakiikwepa mechi ya ligi kwa kuogopa kupoteza pointi kwa mpinzani wasiyemjua. Aliyefanya hivyo ameilinda namba yake na ameacha kukua.

La nne ni kushindwa. Msimu ni mrefu, na hakuna atakayeumaliza bila kuangushwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ukiona mchezo umekwisha, simamisha saa, mpe mpinzani mkono, tia sahihi karatasi, kisha muulize kwa adabu kama mnaweza kuutazama mchezo pamoja nje ya ukumbi. Wengi watakubali, hata wale waliowahi kuiwakilisha Kenya. Nusu saa na mtu aliyekushinda inafundisha mambo ambayo video za mtandaoni hazigusi, kwa sababu yeye anajua ni wapi alikuogopa na ni wapi alijua amekupata.

Karatasi uliyoandikia hatua zako usiitupe. Ipeleke nyumbani, upange tena kete, uupitie mchezo kwa macho yako mwenyewe kabla ya kufungua programu. Programu itakwambia hatua ipi ilikuwa mbaya; haitakwambia kwa nini uliicheza. Je, ulikuwa na haraka? Ulimdharau mwenzako kwa umri wake au kwa viatu vyake? Uliogopa jina lake? Majibu hayo unayo wewe. Na utakapotafuta cha kujifunza, anza na mwisho wa mchezo. José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1921, alitoa kitabu chake cha misingi mwaka huohuo na kukifungua kwa jinsi ya kummaliza mfalme aliyebaki peke yake. Vijana wa leo wanakariri hatua kumi na tano za mwanzo, na ikifika saa kumi jioni, kila mmoja amebaki na ngome moja na askari watatu, wanababaika. Anayeshinda mechi za ligi ni mtu anayejua kuzicheza ngome akiwa amechoka.

La tano nalisema kwa uzito wote nilio nao. Cheza kwa haki. Ukigusa kete yako, ichezeshe, hata kama mwamuzi yuko upande wa pili wa ukumbi na mpinzani wako alikuwa ameinama akiandika. Simu iache pale kanuni zinapoagiza. Tangu mwaka 2014 sheria za FIDE zimekuwa kali: anayekutwa na kifaa cha kielektroniki kinyume cha ruhusa anapoteza mchezo, iwe alikitumia au hakukitumia. Usiende msalani na simu mfukoni halafu ukasema ulisahau.

Mnakumbuka yaliyotokea Aprili 2023 katika Kenya Open, pale Sarit Centre, Westlands. Mchezaji alijiandikisha katika kundi la wanawake, akaja amevaa buibui na nikabu, miwani machoni, hasemi na mtu. Mwanzoni hakuna aliyeshuku, kwa kuwa dada zetu wenye hijabu ni wachezaji kama wachezaji wengine. Lakini mgeni huyo asiyejulikana kokote alimshinda Gloria Jumba, aliyewahi kuwa bingwa wa taifa, kisha Ampaira Shakira, mchezaji hodari kutoka Uganda. Viatu vyake navyo vilikuwa vya kiume. Maofisa walimwita faraghani, na ikajulikana kwamba ni mwanamume, kijana wa chuo. Alikiri, akaomba radhi kwa maandishi, akaeleza kwamba ni shida ya pesa iliyomsukuma. Zawadi ya kwanza kwa wanawake ilikuwa nono. Habari zake zilizunguka dunia nzima.

Jina lake silitaji, kwa maana sisemi ili kumtia aibu upya. Nasema kwa sababu kijana yule alikuwa na uwezo. Alikuwa na mahali katika sataranji yetu kwa jina lake halisi, katika ukumbi uleule, na alikibadilisha kiti chake halali kwa kiti cha wizi. Na wizi huo ulikuwa na walioibiwa: kila mwanamke aliyeketi mbele yake alinyang'anywa mchezo aliojiandaa kuucheza. Wala siidharau shida yake. Karo ni nzito, kodi ya nyumba ni nzito, na nauli za kila Jumapili zinamega. Ndiyo maana nawaambia: ukikwama, sema. Njoo kwa nahodha, njoo kwangu, njoo kwa mzee yeyote wa klabu. Tunaweza tusiwe na fedha za kutosha, lakini nauli ya matatu na mchango wa ada ya mashindano ni vitu vinavyopatikana watu wakiambiana ukweli. Heshima iliyovunjwa haichangiwi.

Wasichana wetu, nanyi nina neno lenu. Mtaingia katika kumbi zenye wavulana wengi, na atatokea mmoja atakayecheka akiona amepangwa nawe. Msimjibu kwa mdomo. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alikuwa mtoto wa mtaa wa mabanda aliyefuata kikombe cha uji katika darasa la sataranji la Robert Katende. Mwaka 2010 alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiichezea timu ya Uganda katika Olimpiadi ya sataranji, na mwaka 2012 katika Olimpiadi ya Istanbul akapata cheo cha FIDE. Filamu ya maisha yake ikatoka mwaka 2016, na Lupita Nyong'o wetu akacheza kama mama yake. Watu wanaikumbuka filamu. Mimi nataka mkumbuke kwamba kabla ya Urusi palikuwa na siku nyingi za kurudi Katwe, kukaa mbele ya ubao uleule na watoto walewale, bila kamera. Na nyinyi wavulana, dada anayeketi katika timu yenu ni mwenzenu wa timu. Mkiona anadharauliwa, simameni naye.

Nasi wazee tuna wajibu wetu: kuwafungulia milango kwa wakati, kuwa na saa zinazofanya kazi, kuwapanga kwa haki bila kutazama ni mtoto wa nani, na kuwapo mnaposhindwa kama tunavyokuwapo mnaposhinda. Mkituona tumelegea, tukumbusheni kwa adabu. Tutasikia.

Basi kabla ya raundi ya kwanza, kila mmoja aende kwa nahodha na kumwambia Jumapili zipi atakuwapo. Akishasema, atimize. Timu itashinda baadhi ya mechi na kupoteza nyingine, na huenda mwaka huu tusipande daraja. Lakini klabu ambayo kila mtu wake anafika, anacheza kwa haki na anarudi wiki inayofuata, haikosi kupanda siku moja. Njooni, wanangu. Njooni mapema.