Shamba la Nabothi katika Nyanda za Basotu

Mafundisho ya Kikristo kuhusu ufukara hutofautisha huruma, yaani kumpa mhitaji sehemu ya mali ya mtoaji, na haki, yaani kumrudishia mtu kilicho chake. Katika mahubiri mengi tofauti hiyo hutajwa kwa haraka, lakini wilayani Hanang, Tanzania, haiwezi kurukwa.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali, ikisaidiwa na Kanada, ilianza kulima ngano kwa matrekta katika eneo la Basotu wilayani humo, na chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) yakapatikana mashamba saba, Mulbadaw likiwamo, yenye jumla ya takriban ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, tawi la Wadatoga, ambao walihamisha ng'ombe kwa kufuata majira ili majani ya upande mmoja yapumzike. Hivyo aliyefika wakati wa mapumziko hayo aliona pori lisilo na mwenyewe, ilhali mwenyewe alikuwa njiani kurudi. Majembe ya matrekta yalipita hata juu ya bung'eda, yaani kaburi la mzee wa heshima lililoinuliwa kwa udongo kama kichuguu, ambalo kwa ukoo wake ni mahali patakatifu. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wenzake 67 walifungua kesi dhidi ya NAFCO mwaka 1981 na kushinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile.

Msomaji wa Biblia hawezi kuisikia habari hii asimkumbuke Nabothi, ambaye katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme alikataa kumwachia mfalme Ahabu urithi wa baba zake, naye akaangamizwa kwa barua zenye muhuri wa mfalme na kwa mashahidi waliopangwa. Ni kweli kwamba Serikali haikutafuta, kama Ahabu, bustani ya mboga ya mtu mmoja bali chakula cha taifa zima, na kulinganisha bila kulikiri hilo kungekuwa dhuluma nyingine. Hata hivyo, inafaa kuangalia nabii Eliya alitumwa wapi: hakutumwa kuwapelekea ndugu wa marehemu kapu la nafaka, bali alitumwa kwa Ahabu, ndani ya shamba lenyewe. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alilitaka Kanisa lishiriki kuipinga mifumo inayowafunga watu katika ufukara. Na miaka ile ile, chini ya serikali yake mwenyewe, malisho ya Basotu yalikuwa yakigeuka ngano.

Huruma ya makanisa katika wilaya hii na jirani zake si ndogo. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei katika miaka ya 1950, imewatibu watu wasiohesabika, na maporomoko ya tope ya Katesh wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, yaliwagusa Wakristo wa nchi nzima. Lakini maafa ya siku moja huchangiwa upesi, na yale yanayodumu miongo huzoeleka.

Hata ibada yenyewe inaliuliza swali hili la huruma na haki. Baada ya ibada katika sharika nyingi hufanyika mnada wa sadaka za mazao, ambapo kuku aliyefungwa miguu na debe la mahindi vilivyoletwa na mjane hununuliwa na mwenye duka, naye jina lake husikika kuliko la aliyetoa. Katika misa ya Kikatoliki hosti, yaani mkate wa Ekaristi, sharti iwe ya ngano tupu. Na katika nchi ya Hanang, ngano haiwezi kuinuliwa altareni bila kuinua pia habari za ardhi ilikoota.

Kwa hiyo jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya waumini jirani wanaosali nyumba kwa nyumba, pamoja na mabaraza ya wazee wa sharika, waiweke migogoro ya malisho katika ajenda zao, karibu na mchango wa bati la kanisa, na wamwalike mfugaji Mdatoga azungumze kwanza, hata kama hajabatizwa.