Msaada Usio na Jina

Kuna swali ambalo watu huuliza wakidhani limeshajijibu: kama mwanamke ana uwezo wa kuwa mhandisi, kwa nini asaidiwe? Si aje tu ashindane kama wengine?

Nimelisikia Embu mjini, nimelisikia ndani ya matatu ya Meru, na mara nyingi anayeuliza si mtu mbaya. Ana mabinti shuleni na anawalipia karo. Kwa hivyo nitamjibu kwa heshima.

Tuanze na hilo neno, kusaidiwa. Kijana wa kiume akimaliza fomu foo, mjomba anampigia foremani simu: "Niko na kijana hapa, mshike mkono." Anaingia mjengo kama mtu wa mkono, anabeba mchanga, baada ya wiki kadhaa anaachiwa pima maji, mwaka ukiisha ameshakuwa fundi. Gambuti za saiti zinamtosha. Utani wa saa ya chai haumlengi yeye. Huyo amesaidiwa kila hatua, ila msaada wake hauna jina, basi tunauita bidii. Wa dada yake una bango na hotuba, basi tunauita upendeleo.

Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, lakini kabla ya hapo nilitafuta atachimenti na wenzangu wawili wa kiume. Saiti moja iliwachukua wao, mimi nikaambiwa choo ni kimoja, "utasumbuka tu." Hakuna aliyenichukia pale. Na hilo ndilo linalonisumbua: mtu anaweza kufungiwa nje bila yeyote kumtakia mabaya.

Tena hasara yake haiishi siku hiyo. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, mhitimu hasajiliwi kuwa mhandisi mtaalamu hadi apate uzoefu wa kazi wa miaka isiyopungua 3. Saiti ikikukataa, digrii inabaki karatasi. Halafu miaka ikipita watu wanasema, aki wasichana hawapendi hizi kazi.

Lakini kuna pingamizi la kweli. Barabara ya Embu kwenda Meru inapita mabonde makali, na pale daraja la Nithi, Julai 2022, basi liliporomoka na zaidi ya watu 30 wakafa. Nani anataka barabara kama hiyo ichorwe na mtu aliyepitishwa kwa huruma? Hata mimi sitaki. Ila tutofautishe mlango na mtihani. Kumfungulia mtu saiti ili ajifunze ni jambo moja. Kumpa cheti asichostahili ni jingine. Zege likipimwa halijui nani alilichanganya. Mtihani ubaki mgumu kwa wote. Ninachodai ni kwamba wote waufikie.

Watetezi wetu nao wana kosa lao. Husema mwanamke awekwe kwenye miradi ya maji kwa sababu yeye ndiye huchota, anajua bomba lipite wapi. Inaweza kuwa kweli, uliza akina mama wa Mbeere. Lakini mbona kijana wa kiume haulizwi ataifaidi vipi jamii ndio apewe spana? Anapewa kwa sababu anataka kazi na anaweza kujifunza. Haki ikingoja uthibitishe faida yako, hiyo imekuwa mkopo.

Wengine watasema tumeshafika. Mwaka 2022 Meru na Embu zote mbili zilichagua magavana wanawake. KenGen, wanaozalisha umeme kwenye mabwawa ya Mto Tana kama Gitaru na Kiambere, iliongozwa na Rebecca Miano kuanzia 2017 hadi 2022. Yeye ni mwanasheria. Sipunguzi sifa zake hata kidogo. Nasema tu kwamba kiti cha juu hakimfundishi msichana wa Runyenjes kuchomelea, wala hakijengi choo cha pili kwenye saiti.

Choo cha pili, gambuti za namba ndogo, foremani anayejua kwamba utani fulani unaweza kumpotezea kazi: gharama yake ni ndogo ukilinganisha na lori chache za kokoto. Kwa hivyo wewe mjomba, siku utakapompigia foremani kwa ajili ya mpwa wako wa kiume, kumbuka una mpwa wa kike pia. Usikate simu kabla hujamtaja.