Pumziko ni la Nani?

Je, mtu aweza kusema amepumzika iwapo mwenziwe amefanya kazi maradufu ili yeye apumzike? Swali hili lilitukuta jangwani, wala si darasani.

Tuliondoka Kigali walimu wachache kwenda kaskazini ya Kenya, tukapiga hema Kalacha, ukingoni mwa Jangwa la Chalbi, penye chemchemi ambapo Wagabra hunywesha ngamia wao. Baada ya safari ndefu tuliazimia kushinda kutwa nzima bila ya kufanya lolote. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kwetu Rwanda asubuhi hiyo ni ya umuganda: kila mwenye nguvu, tangu miaka 18 hadi 65, hushika jembe au fagio, mwalimu kando ya mchuuzi. Sisi tulijinyosha kivulini, na kimya kilikuwa kitamu kweli kweli. Sauti iliyosikika ni moja tu, ya ndoo za mpishi wetu, aliyekwenda chemchemini mara ya nne.

Tukaona haya, tukaziomba ndoo. Akakataa. "Walimu, hii ndiyo riziki yangu. Mkichota ninyi, mimi nitalipwa kwa lipi?"

Twakiri hatukuwa na jibu. Tulidhani haki ni kugawana kazi, kama katika umuganda. Lakini umuganda hauna ujira, na yeye ana watoto wa kusomesha. Hatimaye tulipatana: malipo yake yasipungue, na zamu ya mchana iwe yetu. Alilala hadi alasiri. Maji tuliyochota yalikuwa na matope, akayachuja upya bila ya kusema neno.